Zamu Nne za Aling Pasya

Pale San Crispin, kata ya mafundi viatu huko Marikina, Ufilipino, ukitaka kujua siri za mtu huendi kwa padri, maana padri ameapa kunyamaza. Unakwenda kwa Aling Pasya, yaani Bi Pasya, ambaye hakuapa chochote.

Kibanda chake kilikuwa kando ya uwanja wa mpira wa kikapu, chembamba hata yeye mwenyewe, aliyenenepa kwa haki yake, aliingia kwa ubavu na kutoka kinyumenyume. Alikaa humo na nyundo, shazia, gundi na redio, na kila kiatu kilichofika mikononi mwake alikigeuza kwanza akaitazama soli kama daktari atazamavyo ulimi. "Huyu kisigino kimeliwa upande mmoja. Hajaamua kama aoe au akimbie." Au: "Huyu anakanyaga kwa ncha tu. Ana mama mkwe ndani ya nyumba, tena mwepesi wa kuamka." Watu walicheka. Halafu walikuta ni kweli, wakaacha kucheka.

Ufundi hakufundishwa, alizaliwa nao. Mama yake alimzaa chini ya meza ya kukatia ngozi, siku ya kupeleka mzigo kwa mteja. Kitovu kikakatwa kwa kisu cha ngozi, mama akarudi kushona, na mzigo ukafika kabla ya saa sita. Alikua na dada watatu na jozi moja ya viatu vya kanisani. Mkubwa alivaa Misa ya kwanza, akakimbia nyumbani kuvua, wa pili akavaa Misa ya pili, na hivyo hivyo, hata Pasya, kitinda mimba, alikuwa akifika kanisani padri anazima mishumaa. Ndiyo maana, alikuwa akisema, dini yake ni ya amina tu. Sala yenyewe hajawahi kuisikia.

Baadaye alishona ngozi kiwandani miaka ishirini na miwili, mpaka viatu vya bei rahisi kutoka ng'ambo vikaja kama mafuriko na kiwanda kikafungwa. Tangu hapo hakuunda kiatu kizima tena. Alibandika soli za wenzake, basi.

Mumewe, marehemu Mang Delfin, yaani Bwana Delfin, hakumwachia shamba wala nyumba ya ghorofa. Alimwachia gunia la jezi. Delfin alikuwa meneja wa timu ya Mtaa wa Tano, ule wa ukingoni kabisa mwa mto. Mafuriko makubwa yalipochukua nyumba za nusu ya majirani, serikali ikawahamishia mbali, mtaa ukabaki na nyumba chache zilizong'ang'ania kama meno ya mzee. Kibao cha jina la mtaa nacho kilikwenda na maji. Tangu siku hiyo, mahali pekee palipoandikwa "Mtaa wa Tano" palikuwa mgongoni mwa jezi, na mahali pekee jina lile liliposikika ni kwenye kipaza sauti cha ligi ya sikukuu ya mtakatifu, kila mwezi wa kumi. Waliohamishwa walikuwa wakipanda magari mawili, matatu, waje wakae siku nzima walisikie jina lao likitajwa. Delfin alipokufa hakuna aliyelitaka gunia, likabaki kwa mjane, na pale San Crispin mwenye gunia ndiye meneja.

Sasa, ligi ile ilikuwa na timu sita na sheria moja mbaya: timu ikishika mkia miaka mitatu mfululizo, inavunjwa, wachezaji wake wanamezwa na mtaa jirani. Mtaa wa Tano ulikuwa umeshashika mkia miaka miwili. Jirani mwenyewe aliyekuwa akisubiri kuumeza ni Mtaa wa Tatu wa Mang Abel, muuza kuku, mtu mwenye kicheko kikubwa hata inasemekana kuku wake walitaga kwa hofu tu.

Mwaka uliotangulia, katikati ya ligi, Aling Pasya alifanya jambo lililowafanya watu wamsonye hadi midomo ikauma. Timu yake ilikuwa na jitu moja, Rodelio, mrefu hata mvua ilimnyeshea nywele dakika tano kabla ya kumfikia magotini. Mang Abel alimtaka. Aling Pasya akampa. Kwa malipo, Abel akamwachia zamu zake mbili za kwanza za kuchagua wachezaji mwaka utakaofuata, akicheka, maana yeye alikuwa akitaka kombe la mwaka ule ule, na mwakani kwake kulikuwa mbali kama mbinguni.

"Umeuza nguzo ya nyumba!" kocha wake, Mang Teroy, kinyozi, mtu mkavu kama ufagio, alimlalamikia.

"Nyumba ipi, Teroy? Tulikuwa na nguzo na bado tunalala nje. Kama ni mkia tutaushika na Rodelio na tutaushika bila Rodelio. Ila bila yeye, mwakani tutakuwa na kitu mkononi."

"Kitu gani? Zamu? Zamu inaruka? Zamu inadaka mpira?"

"Kichwa kisichonyolewa nacho si chochote, Teroy, mpaka wembe upite. Subiri."

Wakasubiri. Walishika mkia, Abel akachukua kombe na nguruwe mzima wa kuchoma, na mwaka ukageuka.

Ikaja siku ya uteuzi. Utaratibu wa San Crispin ulikuwa huu: kila mwanamume asiye na timu aliyejiandikisha, hata awe wa mtaa gani, jina lake linaingia kwenye orodha moja, na mameneja wanachagua kwa zamu. Aliyeshika mkia anaanza, bingwa anamaliza, kisha duru inaanza upya. Kwa hiyo Aling Pasya alikuwa na zamu ya kwanza, zamu ya sita iliyokuwa ya Abel, zamu ya saba ya kwake mwenyewe, na ya kumi na mbili ya Abel tena. Zamu nne katika kumi na mbili! Hata mwenyekiti wa kata, Bi Dolores, alipozisoma alivua miwani akaifuta, akazisoma tena.

Miezi mitatu kabla ya siku hiyo Aling Pasya alikuwa akifanya uchunguzi wake. Hakwenda kutazama mazoezi. Macho, alisema, hudanganywa. Mwanamume mzuri akirusha mpira na kukosa, macho husema karibu aingize. Yeye alitazama soli. Kila raba iliyoletwa kubandikwa aliuliza jina la mwenyewe, akaigeuza juani, akaipapasa kwa kidole gumba, akainusa pia, ingawa hilo la kunusa halikuwa la lazima. Alijua nani huruka kwa mguu mmoja, nani husimama tu akisubiri aletewe mpira, nani hukimbia kwenda mbele lakini kurudi kulinda hutembea.

Na katika raba zote, jozi moja ilimnyima raha. Ililetwa na kijana mmoja muuza simu aitwaye Jerwin Catacutan. Soli zake zilikuwa zimeliwa ukingo wa ndani, chini ya kidole gumba, kulia na kushoto sawasawa, kama zimekatwa kwa msumeno. Hiyo ni alama ya mtu anayechutama na kwenda upande, upande, upande, kama kaa, asimwachie mpinzani njia hata ya kupitisha pumzi. Mlinzi! Katika miaka arobaini ya viatu alikuwa ameiona soli ya namna ile mara moja tu, nayo ilikuwa ya Delfin.

Tena kulikuwa na ajabu nyingine. Ndani ya raba, kidole gumba kilikuwa kimechimba mashimo mawili, moja mbele, jingine nyuma yake kidogo. Aling Pasya alilala na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne akapata jibu na akalipenda sana: mtu huyu hukunja vidole vyake na kuishika ardhi, kama mjusi kafiri anavyoshika dari. Alimweleza Mang Teroy huku mikono yake ikionyesha mjusi.

"Mama, umevuta gundi," alisema Teroy.

Jumapili ya uteuzi uwanja ulijaa. Wauza ndizi za kukaanga kwa sukari walikuwepo, wauza barafu ya maziwa walikuwepo, mama mmoja alikuja na jogoo wake wa kupigana kwapani ili naye asikilize. Kabla hata Bi Dolores hajashika kipaza sauti, Mang Abel alimsogelea Aling Pasya na kiti chake.

"Dada Pasya, nimekuota."

"Kaoge."

"Sikiliza kwanza, mrembo. Nipe zamu ya kwanza na ya sita. Nami nakurudishia Rodelio, leo hii, akiwa na jezi yake na hamu yake ya kula."

Watu walisikia. San Crispin hawana haja ya redio. Mtaa wa Tano wote wakasimama: "Chukua! Chukua!" Mang Teroy alimshika mkono. "Mama, zamu mbili kwa mtu mmoja tunayemjua. Tusibahatishe. Tukishindwa safari hii hakuna mwakani, tunakuwa kuku wa Abel. Nakuomba kama mwanao."

Aling Pasya alimtazama Rodelio kule mbali, kichwa kikigusa bendera za sikukuu. Kisha akamtazama Abel. Kilichomshangaza kilikuwa hiki: kama Rodelio ni mzuri hivyo, mbona mwenyewe anahangaika kumtoa?

"Abel," alisema, "raba za Rodelio nilizibandika mwezi uliopita. Kisigino cha kulia kimelala kabisa. Goti lake linauma, sivyo?"

Kicheko cha Abel kilikatika katikati. "Goti la nani? Goti zima kama nazi!"

"Basi kaa na nazi yako."

Zamu ya kwanza ikaitwa. Aling Pasya akasimama, akavuta pumzi hadi vifungo vya gauni vikalia, akatamka: "Jerwin Catacutan!"

Kisha mtu akauliza, "Nani?" Ndipo Jerwin akainuka kutoka nyuma, mzuri wa sura, nywele zina mafuta, akaja kuchukua jezi huku akiwapungia wasichana. Alikuwa amevaa zile zile raba. Na Aling Pasya, aliyekuwa bado amesimama kifua mbele, alitazama miguu yake inavyotembea, na moyo wake ukaporomoka hadi kwenye malapa.

Kijana alikanyaga kwa kisigino, ukingo wa nje, mguu mmoja mbele ya mwingine, kama bibi harusi. Tena mguu wake ulipwaya ndani ya raba, soksi alizovaa zilikuwa jozi mbili, na bado kila hatua ilisema pwaa, pwaa.

Akamvuta sikio kana kwamba anambusu. "We kijana. Hizi raba za nani?"

"Zangu, Aling Pasya."

"Mimi nimezaliwa chini ya meza ya ngozi. Za nani?"

Jerwin akatazama chini. "Zangu... na za mjomba. Tunavaa kwa zamu. Mimi jioni, yeye mchana, anapocheza kule uani kwa wauza maji."

Ah! Mashimo mawili ya vidole viwili vya watu wawili! Na yeye, kitinda mimba wa wasichana wanne na jozi moja, yeye aliyefika kanisani mishumaa ikizimwa miaka kumi, ndiye aliyekaa siku tatu akatunga mjusi! Kama angekuwa peke yake angejipiga kwa nyundo. Kule nyuma Abel alikuwa ameshaanza kucheka, kuku wa kata nzima wakataga.

"Mjomba gani?" alinong'ona.

"Nulfo. Yule pale."

Arnulfo alikuwa amesimama mlangoni na dumu la maji begani, kwa kuwa alikuwa kazini. Umri miaka thelathini na tisa, futi tano na inchi tano, tumbo la wastani. Alipeleka maji nyumba kwa nyumba, ghorofa kwa ghorofa, dumu moja kila bega. Kujiandikisha alijiandikisha kila mwaka, na kila mwaka hakuna aliyemwita.

"Mama," Teroy alisema kwa sauti ya msibani, "zamu ya kwanza imekwenda na maji."

"Imekwenda, ndiyo. Na tunazo tatu. Teroy, hii ndiyo maana ya zamu za ziada. Mwenye zamu moja akikosea anazikwa. Mwenye nne anaruhusiwa kuwa mjinga mara moja, nami nimeshakuwa. Sasa nyamaza, usimtazame mtu yeyote mlangoni."

Maana hatari ilikuwepo. Abel hakuwa na zamu hadi duru ya tatu, lakini binamu yake, Mang Sixto, alikuwa meneja wa Mtaa wa Pili na alikuwa na zamu ya tano, moja kabla ya Aling Pasya. Abel alikuwa ameshaona minong'ono. Akahamia karibu na Sixto, na macho yao manne yakatua usoni mwa Aling Pasya kama nzi kwenye embe: popote atakapotazama, ndipo watakapochukua.

Aling Pasya akajua. Akageuza uso polepole, kama mtu anayejizuia, akaelekeza macho kwa Porfirio, muuza soseji za kuchoma, aliyekuwa amelala kwenye benchi, kilo mia na kumi, mdomo wazi. Akamtazama. Akatazama pembeni kwa aibu. Akamtazama tena, akalamba midomo. Akamgusa Teroy, akamwonyesha kwa kidevu, akafunika uso kwa upepeo wake. Teroy, maskini, ambaye hakuelewa lolote, akapauka kwa hofu ya kweli, na hofu ile ndiyo iliyomaliza kazi.

"Zamu ya tano, Mtaa wa Pili!"

"Porfirio Lumanog!" akafoka Sixto.

Porfirio aliamka akidhani kuna moto, akakimbilia jiko lake.

"Zamu ya sita, Mtaa wa Tano!"

"Arnulfo Catindig!"

Walicheka hadi bati likatikisika. Nulfo mwenyewe aliangalia nyuma yake kuona kama kuna Arnulfo mwingine. Alipoweka dumu chini na kuja, Aling Pasya hakumtazama usoni. Alitazama miguu: mipana kama majembe, inakanyaga kwa ukingo wa ndani, inabonyea na kusukuma. Akafumba macho kwa utamu.

Zamu ya saba akampa Teroy. "Mimi miguu imenichosha kwa leo. Chagua wewe kwa vichwa." Kinyozi akawaza kidogo, akamtaja karani mmoja wa duka la dawa. Kwa nini? "Nikimnyoa hatingishiki, hata redio ikitangaza nini." Akawa mpeleka mipira. Zamu ya kumi na mbili ikachukua kijana mrefu mwembamba asiyejua kitu. Kama atajua baadaye, vizuri, kama hatajua, hakikuharibika kikubwa.

Sasa mtu atasema hapo mambo yakanyooka. Yalipinda zaidi. Mjomba na mpwa walikuwa timu moja na jozi moja ya raba, na ligi hairuhusu malapa wala miguu mitupu. Kwa hiyo mmoja akiingia, mwingine anatoka. Nulfo anakaa chini mstarini, anavua. Jerwin anavaa soksi ya pili, anafunga. Refa anatazama saa. Mashabiki wa upande wa pili wanaimba wimbo wa maziko. Viatu vya kuazima havikumwingia Nulfo, na vya dukani vyenye upana ule havijaumbwa; zile raba zao zilitanuka kwa miaka. Akiwa ndani, mpinzani hafungi kitu. Akitoka, mvua ya vikapu. Jerwin, kumbe, alikuwa na mkono mzuri wa kurusha kutoka mbali, lakini mkono ule ulifanya kazi pale tu mjomba alipokuwa benchi bila viatu, maana ndani ya raba nyingine yoyote ulikataa kurusha. Wakashindwa mechi ya kwanza. Wakashindwa ya pili.

Baada ya ile ya pili Aling Pasya alimwita Nulfo kibandani, akamkanyagisha kwenye kipande cha boksi, akazungusha penseli.

"Unafanya nini, Mama?"

"Nachora ramani ya Ufilipino. Simama wima."

Alipobaki peke yake akautazama ule mchoro muda mrefu. Miaka kumi na minne hakuwa ameunda kiatu kizima. Mikono ilikumbuka? Alikata ngozi, akaiharibu. Akakata nyingine. Mguu wa mbao wa kuundia kiatu wenye upana ule haukuwepo, akachukua wa zamani wa Delfin akaunenepesha kwa mabaki ya ngozi, tabaka juu ya tabaka. Soli akachonga kwenye tairi la lori, na ukingo wa ndani akauongeza unene kidole kimoja, maana alijua hasa ni wapi Nulfo angeula. Wateja walikuja kuchukua viatu vyao wakakuta havijaguswa. "Rudi mwezi wa kumi na moja," aliwaambia. "Mpaka hapo tembea kwa mikono." Wakashindwa mechi ya tatu, kisha ya nne, naye bado anashona.

Mtaa wa Pili nao, Mungu hupanga, walikuwa wameshindwa zote nne. Mechi ya tano ikawa kati yao, na atakayefungwa atashika mkia. Kwa Mtaa wa Pili mkia ulikuwa aibu ya wiki moja. Kwa Mtaa wa Tano ulikuwa mwisho.

Jumamosi ile waliohamishwa walikuja wote, na vikapu vya tambi na wali, wengine na wajukuu ambao hawajawahi kuuona mto. Aling Pasya alifika kipenga kikiwa mdomoni mwa refa, gundi kwenye nywele, akipiga kelele, "Bado! Bado mtu mmoja hajavaa!" Viatu vyenyewe havikuwa vizuri. Vilikuwa vyeusi, vizito, pua butu, vinafanana na mamba wawili waliofumaniwa. Nulfo akavivaa, akasimama, akachutama, akaenda upande hatua tatu, na tairi likalia kwenye sakafu sauti ambayo mbwa watatu waliitikia.

"Vinabana?" aliuliza Aling Pasya, na pumzi hakuwa nayo.

"Mama," Nulfo alisema, "sijui. Sijawahi kuvaa kitu kilichokuwa changu peke yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza mjomba na mpwa kuwa ndani pamoja. Lakini sikilizeni sasa namna dunia inavyolipa ujanja: yule Porfirio, yule wa soseji, chambo cha Aling Pasya, alisimama chini ya kikapu na hakuna aliyeweza kumzunguka. Walimgonga wakarudi walikotoka. Kila mpira uliokosa ulimwangukia kifuani kama mtoto kwa mama. Hadi mapumziko Mtaa wa Pili walikuwa mbele kwa tisa, na Sixto alikuwa akimbusu Porfirio kwenye upara.

"Nani alimchagua huyu mtu!" Teroy alilia.

"Mimi," alisema Aling Pasya kwa huzuni ya kweli. "Kwa macho yangu mwenyewe."

Akakaa, akamkodolea Porfirio. Si uso, chini. Akaona jambo. "Teroy, raba zake mpya. Soli haina hata vumbi. Huyu hajakimbia tangu abatizwe. Mwambie karani asipeleke mpira karibu naye kabisa. Wakimbie. Kushoto, kulia, nyuma, mbele. Wasirushe mpaka yeye ahame."

Wakakimbia. Karani wa duka la dawa, asiyetingishika, aliuzungusha mpira hadi watazamaji wakashikwa na kizunguzungu. Porfirio alifuata, akafuata, akaanza kutoa mvuke kama jiko lake. Na dakika tano kabla ya mwisho alikaa chini katikati ya uwanja akaomba soda. Jerwin akapata nafasi, akarusha kutoka mbali, ikaingia, akarusha tena, ikaingia. Wakafikia pointi moja mbele, sekunde kumi na moja zimebaki, mpira kwa Mtaa wa Pili.

Mdundaji wao alikuwa kijana mwepesi, mwanafunzi wa chuo, aliyezoea kufunga ishirini kila mechi. Mbele yake akakuta mzee wa miaka thelathini na tisa amechutama. Akaenda kulia, tairi likalia, mzee yuko. Akaenda kushoto, tairi likalia, mzee yuko. Akazunguka mwili mzima. Mzee yuko, tena anapumua kwa pua kama mtu anayepanda ngazi ya kawaida tu, maana baada ya madumu mawili na ghorofa nne, hii ilikuwa nini? Aling Pasya hakuutazama mpira. Alitazama miguu ile miwili ikila sakafu kwa ukingo wa ndani, na midomo yake ikasogea, pengine kwa sala, ingawa alijua amina tu. Kijana akarusha akiwa ameinama, kwa hasira, mpira ukagonga ubao wa matangazo ya kuku wa Mang Abel.

King'ora.

Bi Dolores alishika kipaza sauti. "Nafasi ya tano," alisema, "Mtaa wa Tano!" Na ungedhani wametwaa dunia. Nafasi ya tano kati ya sita, wazee walilia, jogoo akaachiliwa, tambi zikamwagwa, na waliohamishwa wakamwomba mwenyekiti alitaje tena jina, naye akalitaja, wakamwomba tena, akalitaja mara saba, mpaka Mang Abel, anayesubiri kucheza fainali yake, akauliza kama leo ni ubatizo. Fainali hiyo, kwa taarifa yenu, alifungwa. Goti la nazi lilipasuka robo ya tatu.

Wiki iliyofuata Aling Pasya alifungua kibanda, akajikuta ana foleni. Wanaume wa mitaa yote sita, na wawili wa kata jirani, kila mmoja na raba mkononi. "Nimepita tu, Aling Pasya." "Angalia tu hii soli, sina haraka." Akachukua ya kwanza, akaigeuza. Imeliwa ukingo wa ndani. Ya pili, ukingo wa ndani. Ya tatu, ya nne, ya tano, zote chini ya kidole gumba, kulia na kushoto, zimelika vizuri mno. Akaipeleka moja puani.

"Saruji," alisema. "Wewe umeisugua kwenye ngazi ya kanisa. Wewe umetumia tupa. Wewe, mpumbavu, umesugua ukingo wa nje. Na wewe, Jerwin, wewe uko ndani ya timu tayari, unatafuta nini hapa?"

Wakatawanyika wakichekana. Jozi moja tu ilibaki mezani, na mwenyewe hakuonekana. Mtu alikuwa ameiacha na kwenda zake. Aling Pasya akaigeuza juani. Soli ilikuwa imeliwa katikati, duara kamili, mviringo kama sarafu, kingo zote nzima. Akaipapasa. Akainusa: si saruji, si tupa, ni jasho la haki. Mtu gani hucheza akizunguka mahali pamoja? Au ni watu wawili? Akatia kidole ndani ahesabu mashimo, akatoa kidole, akatazama uwanja mtupu, akarudisha kidole tena.

"Teroy!" aliita, huku akitoka kibandani kinyumenyume. "Acha kichwa cha huyo mtu, njoo uone hii!"